Geti ni lako, lakini ufunguo anao nani?

Najua nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa. Kibarua kilinibana, na programu niliyokuwa nikiiandika ilikataa kabisa kukamilika. Lakini leo lazima niandike, maana juzi jamaa yangu mmoja alinipigia simu akiniuliza swali ninaloulizwa kila mara: "Kaka, wameniwekea intaneti nyumbani. Sasa hii ruta niifanyie nini?"

Nikamuuliza kama amebadilisha neno la siri. Akasema ndiyo, ameweka jina la mtoto. Nikamuuliza tena: ni lile la waifai au la ruta yenyewe? Kimya. Hakujua kwamba ni mawili.

Jamaa huyu si mjinga. Ana shahada, ana biashara, anajua kutumia tarakilishi kuliko wengi. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewahi kumwambia. Fundi alikuja, akatoboa ukuta, akaunganisha waya wa faiba, akamwandikia neno la siri la waifai kwenye kikaratasi, akaondoka. Na mimi leo nataka kubishana na wanaosema kwamba kosa ni la jamaa yangu.

Kabla ya kubishana, wacha nikiri kosa langu mwenyewe.

Mnamo 2019 mama mmoja mtaani kwetu, mwenye duka la dawa, aliweka kamera dukani. Alitaka kuziangalia akiwa nyumbani kupitia simu. Akaniita mimi, kwa vile kila mtu mtaani anajua natengeneza programu, na kwa watu wetu anayeandika programu ni lazima ajue pia kurekebisha printa, televisheni na kamera. Nilifika saa mbili usiku nikiwa nimechoka. Laini yake ilikuwa na anwani ya IP ya umma, kwa hiyo kazi ilikuwa rahisi: kufungua poti moja kwenye ruta, ili ombi likitoka nje lifike kwenye mashine inayorekodi picha za kamera. Nikafungua poti, haikufanya kazi. Nikajaribu nyingine, wapi! Basi nikafanya lile ambalo hakuna fundi anayepaswa kulifanya. Nikaenda kwenye ukurasa ulioandikwa DMZ, nikaweka anwani ya mashine ile, nikabonyeza kuhifadhi. Picha zikaonekana kwenye simu. Mama akafurahi, akanipa soda, nikaenda kulala.

Kwa wale wasiojua, DMZ ya ruta za nyumbani maana yake ni hii: ombi lolote linalotoka nje, ambalo ruta haijui ni la nani, lipelekwe kwa kifaa hiki kimoja. Si mlango mmoja uliofunguliwa, ni ukuta mzima ulioondolewa. Na mashine ile ya kamera ilikuwa bado na neno la siri la kiwandani.

Kama mwezi mmoja na nusu baadaye intaneti ya dukani ikaanza kukokota. Kisha ikakatika. Mama alipopiga simu kwa kampuni inayompa intaneti, akaambiwa laini yake inarusha mashambulizi kwenda kwa watu wengine, na haitarudishwa mpaka asafishe vifaa vyake. Kwa siku tatu hakuweza kuagiza dawa wala kuthibitisha bima za wagonjwa. Aliwarudisha watu nyumbani bila dawa. Kamera zilizowekwa kulinda duka ndizo zilizolifunga.

Nilipokuja kuangalia, nikaona ukurasa wa DMZ vile vile nilivyouacha. Ningeweza kuzima na kunyamaza, hakuna ambaye angejua. Nikamwambia, "Mama, kosa ni langu." Akanitazama kidogo, kisha akasema, "Sasa mwanangu, kama wewe uliyesomea mambo haya ndiwe uliyeacha mlango wazi, mimi ningejuaje?"

Swali hilo sijapata jibu lake mpaka leo. Ndilo linalonifanya niandike.

Haya basi, tueleze kidogo mambo yanavyofanya kazi. Ruta ya nyumbani ni geti la ploti. Upande wa ndani, ambao kwenye ruta unaitwa LAN, kuna simu, kompyuta, televisheni na kamera zako. Upande wa nje, yaani WAN, kuna dunia nzima. Faiawoli ni soja wa geti mwenye daftari. Simu yako ikitoka kwenda kusoma gazeti kwenye seva ya mbali, soja anaandika: huyu ametoka, amekwenda pale, anangoja jibu. Jibu likirudi, soja anatazama daftari, anaruhusu. Mgeni akija bila kuitwa, jina lake halimo, anarudishwa. Ndiyo maana ya herufi SPI unazoziona kwenye ruta nyingi. Kazi hii ruta yako huifanya yenyewe tangu siku ya kwanza, kama hujaivuruga.

Kwa hiyo hatari haiko kwa soja kuwa mzembe. Hatari ni sisi, au vifaa vyetu, kumwambia soja afungue. Na hapa ndipo penye maneno yangu ya kwanza yenye ubishi: sehemu kubwa ya ule ukurasa wa mipangilio ya juu ambao watu huuogopa ni pambo tu. Mambo yenye maana ni machache, na mengi yake ni ya kuzima, si ya kuwasha.

Kwanza, neno la siri la kuingilia kwenye ruta yenyewe. Si lile la waifai. Lile unaloandika baada ya kufungua 192.168.1.1 au 192.168.0.1 kwenye kivinjari. Likiwa bado ni "admin", acha kusoma makala haya, nenda ukalibadilishe, kisha urudi.

Pili, zima uwezo wa kuisimamia ruta kutoka upande wa WAN. Hakuna sababu ya mtu aliye nje ya nyumba kuuona ukurasa huo. Kampuni nyingi za intaneti zina njia yao tofauti ya kuzihudumia ruta za wateja, na njia hiyo nayo si salama ikiachwa wazi kwa kila mtu. Novemba 2016 nchini Ujerumani, wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom walipoteza intaneti baada ya kirusi kujaribu kuingia kwenye ruta kupitia poti 7547, ambayo ndiyo poti ya huduma hiyo.

Tatu, zima UPnP kama huna haja nayo. Hiki ni kipengele kinachoruhusu kifaa chochote kilicho ndani kumwambia soja, "nifungulie poti hii", na soja akafungua bila kuuliza neno la siri wala kukuarifu wewe mwenye nyumba. Wacheza michezo ya kompyuta wanakipenda, na naelewa kwa nini. Lakini kamera ya bei nafuu nayo inakipenda. Januari 2013 watafiti wa Rapid7 walitangaza kwamba vifaa kati ya milioni 40 na 50 duniani vilikuwa na UPnP yenye matatizo ya usalama iliyoonekana wazi kwenye intaneti. Kipengele cha ndani ya nyumba, kimeangalia barabarani!

Nne, zima WPS, ile ya kuunganisha kwa namba ya tarakimu 8. Ukihesabu haraka utadhani mwizi anahitaji kujaribu namba milioni 100. Lakini Desemba 2011 mtafiti Stefan Viehböck alionyesha kwamba ruta inathibitisha tarakimu 4 za kwanza peke yake, na tarakimu ya mwisho inatokana na zile zilizotangulia. Basi ni majaribio 10,000 kwa nusu ya kwanza na 1,000 kwa nusu ya pili. Jumla 11,000. Hiyo ni kazi ya saa chache kwa kompyuta ya kawaida, hata kama neno lako la waifai ni refu kama shairi.

Tano, waifai yenyewe iwe WPA3, au WPA2 yenye AES kama vifaa vyako ni vya zamani. WEP ilivunjwa tangu 2001, usiiguse. Na neno la siri liwe refu. Maneno manne yasiyohusiana ni bora kuliko jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa, maana jirani anawajua watoto wako.

Sita, tenga mtandao wa wageni, na huko weka televisheni, kamera, na simu za wageni. Hakikisha tu kwamba ruta yako hairuhusu mtandao huo kuufikia ule wa nyumbani. Kompyuta yenye kazi zako na mambo yako ya benki ibaki upande wake.

Saba, angalia orodha ya poti zilizofunguliwa na ukurasa wa DMZ. Usipojua poti fulani ilifunguliwa kwa nini, ifunge. Kitu kikikataa kufanya kazi utajua.

Na kama unatumia IPv6, jambo la nane: hakikisha faiawoli ya IPv6 imewashwa. Watu wengi wanadhani NAT, ule utaratibu wa nyumba nzima kutumia anwani moja ya nje, ndiyo ulinzi. Hapana. NAT ilikuja kwa sababu anwani zilikuwa zinaisha. Kwenye IPv6 kila kifaa kinaweza kuwa na anwani yake ya umma, na kinachosimama kati yake na dunia ni soja peke yake.

Yaliyobaki? Kuficha jina la waifai hakufichi chochote, kwa sababu simu yako yenyewe hulitangaza jina hilo inapolitafuta. Kuchagua vifaa kwa anwani ya MAC kunasumbua wenye nyumba kuliko wezi: anwani hiyo husafiri angani bila kufichwa, mwizi huinakili, na simu za kisasa huibadilisha zenyewe, tangu Android 10 ya 2019 na iOS 14 ya 2020. Kile kitufe cha kuzuia mashambulizi ya DoS nacho hakitakuokoa. Laini yako ikijazwa, imejaa kabla pakiti hazijafika kwenye ruta. Ni kama kuweka soja wa pili getini ilhali barabara nzima imezibwa na matatu.

Najua kuna mtu hapo anasema, "Mimi sina kitu cha kuibiwa." Hili nalisikia kila siku. Ndugu yangu, hawataki vitu vyako. Wanataka laini yako. Kirusi cha Mirai cha 2016 hakikusoma barua pepe ya mtu. Kilizunguka intaneti kikijaribu majina na maneno ya siri ya kiwandani, kama 60 hivi, kwenye kamera, mashine za kurekodi na ruta. Yaliyotosha yalikuwa hayo tu. Tarehe 21 Oktoba 2016 vifaa vilivyonaswa hivyo vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn, na watu wengi Marekani hawakuweza kufika Twitter, Netflix wala Reddit. Walioandika kirusi hicho walikuwa vijana watatu wa Marekani, na walikiri makosa mahakamani mwaka uliofuata. Msimbo wake walikuwa wameshaumwaga hadharani, na watoto wake wanatembea mpaka leo. Duka la dawa la mtaani kwetu lilikutana nao, au na binamu zao.

Na kama kweli una kitu cha kuibiwa, kuna njia nyingine. Mwizi anayeingia kwenye ruta anaweza kubadilisha anwani ya DNS, ile inayoiambia kompyuta yako tovuti fulani iko wapi. Kundi lililoendesha DNSChanger lilifanya hivyo kwa miaka kadhaa mpaka FBI ilipotangaza kulinasa Novemba 2011. Kompyuta kama milioni 4 katika nchi zaidi ya 100 zilikuwa zimeguswa, na baadhi ya ruta zenye maneno ya siri ya kiwandani pia. Siku hizi HTTPS inasaidia sana, kivinjari kitapiga kelele. Lakini ni wangapi kati yetu wanasoma onyo kabla ya kubonyeza "endelea"?

Mwingine atasema yeye yuko nyuma ya CGNAT, yaani kampuni imewaweka wateja wengi kwenye anwani moja, kwa hiyo hakuna anayemfikia. Kuna ukweli ndani yake. Ukiona anwani ya WAN ya ruta yako iko kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, ndiko uliko, na hata ukifungua poti haitafika mtu. Lakini hilo halizuii kifaa kibaya kilicho ndani kutoka chenyewe kwenda kuchukua amri, wala mgeni aliye kwenye waifai yako kuingia kwenye ruta kwa "admin". Pia halihusu IPv6. Na siku kampuni ikibadilisha mipango yake, haitakupigia simu.

Sasa nirudi kwa swali la yule mama. Ningejuaje?

Jibu la wenzangu wengi katika kazi hii ni kwamba watu wasome. Wafundishwe. Mimi mwenyewe nimewapa orodha ya mambo manane hapo juu. Lakini niseme ukweli: orodha ile ni dawa ya watu kama wewe, unayefurahia kusoma makala kama haya. Haimfikii mama mwenye duka, wala haipaswi kumfikia. Yeye akinunua kufuli dukani, hapewi kufuli linalofunguliwa na ufunguo mmoja na makufuli yote ya Nairobi, kisha akaambiwa ni wajibu wake kubadilisha. Kwa nini tunakubali hivyo kwa ruta?

Wako waliokataa. Sheria ya jimbo la California iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2020 inataka kifaa chenye kuingiwa kwa neno la siri kiwe na neno lake la pekee, au kimlazimishe mtumiaji kuunda jipya kabla ya kukitumia. Uingereza ikafuata, na tangu tarehe 29 Aprili 2024 anayeuza vifaa vya kuunganishwa huko hawezi kuweka neno moja la siri kwa vifaa vyote, lazima aweke njia ya watu kuripoti kasoro, na lazima amwambie mnunuzi ni kwa muda gani kifaa kitapata masasisho ya usalama. Mambo matatu tu. Hakuna hata moja linalomtaka mnunuzi ajue UPnP ni nini.

Sisi Kenya tunayo sheria ya 2018 ya uhalifu wa mtandao. Hiyo inamwandama aliyeingia bila idhini, na ni sawa. Lakini aliyeingia kwenye kamera za mama yuko wapi? Pengine hata bara letu hajui liko upande gani. Tunayo pia Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo huidhinisha vifaa vya mawasiliano kabla havijauzwa nchini. Maoni yangu ni kwamba ruta na kamera zisipate idhini bila kujibu maswali yale yale matatu. Kampuni za intaneti nazo, zinapomwekea mtu ruta, zimpe ufunguo wake. Nimeona nyumba ambapo mteja haruhusiwi kuingia kwenye ruta iliyo ukutani mwake, na ilhali neno la siri la fundi ni lile lile kwa mtaa mzima. Hapo mwenye nyumba amefungiwa nje, na mafundi wote wana ufunguo.

Wapo watakaosema kila ruta kuwa na neno lake itaongeza gharama na simu za wateja waliosahau. Mbona neno la waifai tayari linachapishwa kwenye kibandiko chini ya ruta nyingi, tofauti kwa kila moja? Linaloweza kufanywa kwa waifai linaweza kufanywa kwa geti lenyewe. Wengine watasema vifaa vitapanda bei na maskini wataachwa nyuma. Hilo nalichukulia kwa uzito zaidi. Lakini kamera ya bei rahisi ilimgharimu mama siku tatu za mauzo, na wagonjwa waliorudi mikono mitupu hawamo kwenye risiti yoyote.

Mpaka siku hiyo ifike, tufanye la kwetu. Duka la dawa sasa halina DMZ wala poti iliyofunguliwa. Nilibadilisha maneno ya siri, nikaweka ruta inayoweza kuendesha VPN ya WireGuard, na simu ya mama inaingia kwa ufunguo wake kwanza ndipo ione kamera. Inachukua sekunde mbili zaidi. Alilalamika juma la kwanza, sasa amezoea.

Ombi langu kwako ni moja. Jumamosi hii ingia kwenye ruta yako, pitia yale manane, kisha nenda kwa mtu mmoja asiyejua mambo haya, mzazi, jirani au mwenye kibanda cha karibu, umfanyie vile vile. Usiende saa mbili usiku ukiwa umechoka. Na ukimaliza, fungua ukurasa wa DMZ uutazame mara ya pili.

Haya, tuonane tena kibarua kikiniachia.